Ujira wa Wakili na Mirathi Iliyofungwa katika Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Katika Kiswahili cha mahakama husemwa kwamba mirathi imefungwa pale ambapo msimamizi amekwisha kutoa hesabu yake, warithi wamekwisha kugawiwa mafungu yao, na hakimu ameandika neno la mwisho katika jalada. Neno hili kufunga ni jepesi kulitamka. Lakini katika nchi ya Kyela, tangu Ngana na Talatala mpaka Mwaya na Matema, neno hilo limetwishwa mzigo ambao lugha ya wenyeji haikuwahi kuubeba. Ukoo hudhani kwamba jambo lililofungwa halidai kitu tena. Wakili aliyeajiriwa na ukoo huo, naye kwa upande wake, huenda akaleta hesabu ya kazi aliyoifanya baada ya kufungwa: barua kwa benki, safari ya Mbeya, hati iliyosahauliwa ikahitaji kutengenezwa upya. Hesabu hiyo huweza kumchukua ng'ombe ambaye mirathi yenyewe haikumgusa.

Ugomvi wa namna hii huhesabiwa kwa kawaida kuwa ugomvi wa fedha, na watu huishia kulaumiana, huyu akiitwa mlafi na yule mkosefu wa shukrani. Historia yaonyesha kwamba mzizi wake uko mahali pengine. Kwanza, ni swali la nani mwenye haki ya kusema kwamba amana ya ukoo imekwisha. Pili, ni swali la lugha: hesabu ya anayedai imeandikwa kwa lugha ya nani. Maswali haya mawili yalifika mwambao wa Nyasa kwa njia mbalimbali na kwa nyakati mbalimbali, na kwa sababu hiyo hayana budi kufuatwa moja moja.

Yafaa kuanza na desturi yenyewe. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya uchunguzi wao Unyakyusa kati ya mwaka wa 1934 na 1938, walikuta kwamba mtu akifa mali yake haikushuka moja kwa moja kwa mwanawe. Ilikwenda kwa ndugu yake wa tumbo moja aliyemfuata, na huyo akifa ikaenda kwa mwingine, mpaka ndugu wa mama mmoja wote wamekwisha. Hapo ndipo iliporudi kwa mwana wa kwanza wa yule ndugu mkubwa. Mrithi alishika nafasi ya marehemu kwa ukamilifu wake. Watoto walimwita baba, na kweli ilimpasa awe baba, maana ng'ombe aliowapokea ndio waliotakiwa kuwaoza vijana wa nyumba ile zamu yao ilipofika. Ardhi haikuingia sana katika hesabu hii ya ukoo. Wanyakyusa walikaa katika vijiji vya rika, ambavyo kwa lugha yao kimoja huitwa ikipanga, na mashamba na viwanja vilishikwa kwa sababu ya kuwa mwanakijiji kuliko kwa sababu ya kuwa mwana wa fulani. Amana ya ukoo ilikuwa ng'ombe.

Mrithi huyu hakuwa mwenye mali kwa maana ya siku hizi, wala hakuwa mdhamini kwa maana ya sheria ya Kiingereza. Alikuwa na sehemu ya kila mmoja wao. Aliila mali, tena aliilinda kwa ajili ya wengine; na katika hali hiyo hapakuwa na nafasi ya kuuliza ujira wake ni kiasi gani, kwani ujira wake ulikuwa maziwa aliyoyakama. Kama alizidisha kula, au kama aliwanyima vijana ng'ombe wa mahari, palikuwa na cha kumrudi. Monica Wilson ameeleza katika vitabu vyake vya mwaka wa 1951 na 1957 jinsi watu walivyoiogopa ile iliyoitwa pumzi ya watu: manung'uniko ya majirani waliokasirika kwa haki, ambayo iliaminiwa kwamba humletea mkosaji baridi mwilini na ugonjwa. Mkaguzi wa hesabu alikuwa kijiji kizima, na alifanya kazi yake bila kulipwa.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni kwamba mali hii haikuwa na siku ya kufungwa. Ilizunguka. Kifo cha ndugu wa kwanza hakikuifunga, wala cha wa pili, na iliporudi kwa mwana wa mkubwa ilianza mzunguko mwingine. Tofauti kati ya wakati wa usimamizi na wakati baada ya usimamizi, ambayo leo ndiyo roho ya kesi za ujira, haikuwako kabisa. Mtu awezaje kudai malipo ya kazi ya baada, pahali ambapo hapana baada?

Kiswahili kilifika mwambao huu kabla ya serikali. Katika miaka ya 1880 wafanya biashara Waswahili walikuwa wamekwisha kujenga maboma yao karibu na Karonga, na vita vyao na Kampuni ya Maziwa, vilivyoanza mwaka wa 1887, vilikwisha kwa kunyongwa kwa Mlozi mwezi wa Desemba mwaka wa 1895. Wajerumani walileta meli yao ziwani mwaka wa 1893 wakajenga boma la Langenburg ufukoni, na makao ya serikali yakahamishiwa baadaye huko juu Tukuyu. Wamisionari Wamoravia na wa Berlin, waliofika mwaka wa 1891, walihubiri kwa Kinyakyusa. Boma liliandika na kuamrisha kwa Kiswahili. Basi mgawanyo huu wa lugha, ambao Waingereza waliurithi na kuuendeleza, ndio uliofanya msamiati wa amana na uwakili katika nchi hii uwe wa pwani, hali watu wenyewe hawakuwa wa pwani.

Na msamiati huo ulikuwa na elimu yake. Katika fikihi iliyofundishwa Lamu, Mombasa na Unguja, mwenye kuwekewa amana hachukui ujira kwa kuiweka tu, wala hailipi ikipotea bila kosa lake. Wakili aweza kufanya kazi bure au kwa ujira, lakini ujira huo sharti ujulikane. Wasii husimamia mali ya mayatima kwa kadiri ya alivyousiwa. Msimamizi wa wakfu huchukua kile alichomwekea mwenye kuweka wakfu, na kama hakumwekea kitu, kadhi humpimia ujira wa mfano, yaani kiasi ambacho mtu wa kazi kama ile angelipwa. Kila neno katika haya limebeba jibu la swali la malipo ndani yake. Anayesema amana amekwisha kusema kitu kuhusu ujira. Anayesema wakala amesema kingine.

Huko ziwani maneno yalifika, lakini vitabu vyake vilibaki pwani. Wakili likawa jina la mtu yeyote anayesema kwa niaba ya mwingine mbele ya Bwana Shauri, na amana ikawa kitu chochote kilichowekwa kwa jirani, hata gunia la mpunga. Halafu likaja neno la tatu, udhamini, lililochaguliwa kuifasiri dhana ya Kiingereza ya mtu anayeshika mali kwa manufaa ya mwingine. Uteuzi huo hauna kosa la sarufi, lakini una matokeo yake. Mdhamini katika Kiswahili cha kawaida ni yule anayemwekea mwenzake dhamana, ambaye mwenzake akishindwa atalipa yeye. Kwa hiyo mwananchi akisikia kwamba fulani ni mdhamini wa mali ya ukoo, haelewi kwamba mali imewekwa mikononi mwake tu. Anaelewa kwamba akiharibu atalipa kwa ng'ombe wake mwenyewe. Kiingereza hakikusema hivyo kwa nguvu hiyo. Watu wa Tanganyika walilisikia neno hili kwa wingi kuanzia mwaka wa 1946, nchi ilipowekwa chini ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na udhamini ule ulikwisha tarehe 9 Desemba 1961 mbele ya macho ya wote. Huenda hapo ndipo wengi walipojifunza kwamba udhamini una siku ya mwisho.

Mahakama za wenyeji zilizowekwa na Waingereza ziliwafungia mlango mawakili. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka wa 1929 haikuwaruhusu kusimama humo, wala ile ya Mahakama za Mitaa ya mwaka wa 1951. Na Bunge lilipoziunganisha mahakama zote kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka wa 1963, mahakama ya mwanzo ikaendelea kuwa mahali pa wenye shauri wenyewe, lugha yake ikiwa Kiswahili. Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri: shauri la ng'ombe na mke lisigeuzwe uwanja wa wasomi. Lakini kumzuia wakili kusimama hakukumzuia kuandika. Aliyetaka barua ya maana aliifuata Tukuyu au Mbeya, ama akamwendea karani fulani mwenye mashine ya kupiga chapa, ambaye hakuwa wakili na bei yake haikuandikwa popote. Kizazi cha leo huwaita watu hao vishoka. Hesabu ya wakili halali yaweza kupingwa mahali fulani, lakini ya kishoka haina pa kupingiwa.

Wakati huohuo mali ilikuwa ikibadilika. P. H. Gulliver, aliyeandika juu ya ardhi ya Wanyakyusa mwaka wa 1958, aliona jinsi fedha za vijana waliokwenda migodini, na hasa mpunga wa bonde la ziwani, zilivyokuwa zikiugeuza uhusiano wa watu na mashamba yao. Shamba la mpunga linalouzwa lina bei. Kijiji cha rika hakiwezi kulishika tena kama kilivyoshika shamba la maharage. Kakao ilizidisha mambo, kwa maana mkakao hukaa miaka mingi na aliyeupanda hufa akauacha ungali ukizaa. Zaidi ya hayo kukaja nyumba za bati, akaunti za benki, na mafao ya waliotumikia serikali. Hakuna jirani, hata pumzi yake iwe kali namna gani, awezaye kuiamuru benki ya Mbeya itoe fedha. Benki hutaka karatasi, na hapo ndipo wakili anapoingia nyumbani mwa marehemu.

Mwaka wa 1963 ulileta badiliko jingine ambalo halijaangaliwa vya kutosha. Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka huo, lililoandika kanuni za urithi za makabila yafuatayo ukoo wa baba katika wilaya zilizolikubali, liliwafanya watoto wa marehemu kuwa warithi, huku likimweka kaka mkubwa wa marehemu, au baba yake, kuwa msimamizi. Atakayelisoma tangazo hili akiwa na desturi ya Unyakyusa mawazoni ataona ajabu yake. Yule ndugu ambaye zamani alirithi na kulinda kwa pamoja, sasa ameachiwa kulinda tu. Maziwa yamekwenda kwa wengine, kazi imebaki kwake. Kanuni za mirathi za mahakama za mwanzo za mwaka wa 1971 zikamwongezea deni la karatasi: katika muda wa miezi minne tangu kuteuliwa, au zaidi kama mahakama itaruhusu, sharti alete orodha ya mali na madeni, kisha hesabu kwa nyakati atakazopangiwa. Mtu huyu, asiyelipwa na asiyezoea fomu, ndiye anayekwenda kumwajiri wakili. Kwa hiyo kesi nyingi ambazo kwa juu ni za ukoo na wakili, kwa ndani ni za baba mdogo au baba mkubwa na watoto wa ndugu yake.

Wakili naye analo fungu lake la historia, na historia hiyo ni ya Uingereza. Sheria iliyopokewa Tanganyika ilichukua kanuni za Kiingereza, za mahakama za kawaida na zile za insafu, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kwa hiyo mabishano ya London ya karne ya 17 na ya 18 ni sehemu ya sheria ya Kyela, apende mtu asipende.

Kule Uingereza Bunge liliwalazimisha mawakili kutoa hesabu zilizotiwa sahihi tangu mwaka wa 1605, na mwaka wa 1729 likatunga sheria iliyo kamili zaidi. Wakili hakuweza kumshtaki mteja wake kwa ajili ya ujira mpaka upite mwezi mmoja tangu alipomkabidhi hesabu iliyotiwa sahihi. Mteja aliweza kuipeleka hesabu hiyo kwa ofisa wa mahakama ipimwe. Na ikiwa katika kupima ilipunguzwa kwa sehemu moja ya sita, gharama za upimaji zilimwangukia wakili mwenyewe. Kanuni ya mwezi mmoja ilipokewa katika sheria za mawakili za Afrika Mashariki. Ile ya sehemu moja ya sita nayo ingali hai, kwa sura iliyobadilika kidogo: Amri ya Malipo ya Mawakili ya Tanzania ya mwaka wa 2015 husema kwamba hesabu ikikatwa zaidi ya sehemu moja ya sita, ukiacha ada za mahakama, aliyeileta hapati gharama za upimaji. Basi wakili anayedai shilingi 600,000 akapewa 480,000 amepoteza vitu viwili, ile 120,000 na gharama za siku yenyewe. Kipimo hiki kimesafiri karibu miaka 300 bila kubadilika, nacho kina hekima ya sokoni ndani yake: muuzaji anayeongeza kidogo anasamehewa, anayeongeza sana anaadhibiwa.

Lakini kwa jambo la kazi ya ziada katika mali ya amana, hukumu iliyo karibu zaidi ni ile ya mwaka wa 1734 katika shauri la Robinson na Pett. Pett aliachiwa paundi 100 katika wasia kwa ajili ya taabu yake ya kusimamia. Yeye aliukataa usimamizi, lakini akaendelea kuwasaidia wenzake katika kazi, na mwishowe akataka alipwe zaidi ya ile 100 kwa sababu alikuwa amefanya mengi. Lord Talbot alimkatalia. Sababu alizozitoa hazikuwa za kumshuku Pett kwamba hakufanya kazi. Alisema kwamba kama mlango huo ukifunguliwa, mali ya amana itaelemewa mpaka isiwe na thamani kwa wenyewe, na kwamba taabu ya mtu mmoja na ya mwingine haina kipimo kimoja. Sheria ya baadaye ililegeza kanuni hii kwa mdhamini ambaye ni mwanasheria na ambaye hati ya amana imemruhusu kudai. Pasipo ruhusa hiyo kanuni ilisimama. Ni ajabu jinsi jaji huyu, ambaye hakupata kuliona Ziwa Nyasa, alivyoifikia njia moja na wazee wa Unyakyusa kwa mlango mwingine: mlinzi wa mali ya wenzake hadai.

Tofauti ipo, nayo ni kubwa. Wakili wa Mbeya si mdhamini. Ni mtu wa kuajiriwa, na ana haki ya ujira uliopatanwa. Mabishano huanza pale ujira uliopatanwa unapokwisha. Chukua mfano wa kukisia. Msimamizi amepatana na wakili bei moja kwa kazi yote ya kupata hati za usimamizi na kupeleka hesabu mahakamani. Kazi imefanyika, fedha zimelipwa, mashamba ya kakao yamegawiwa, jalada limefungwa. Baada ya miezi minane benki yagundua kwamba jina la marehemu limeandikwa kwa herufi tofauti katika karatasi mbili (na majina ya Kinyakyusa, yaliyoandikwa kwanza na wamisionari Wajerumani kisha na makarani Waingereza, huandikwa kwa njia nyingi). Msimamizi ampigia wakili simu. Wakili atengeneza kiapo, aandika barua tatu, asafiri mara moja, kisha aleta hesabu.

Hoja za wakili hazipaswi kupuuzwa. Kazi aliifanya kweli. Hakuifanya kwa kupenda kwake, maana simu ilitoka kwa mteja. Kosa la herufi halikuwa lake, wala bei ya kwanza haikuweza kukisia kwamba benki itauliza. Na ikiwa bei iliyopatanwa ni ya kazi fulani, kazi nyingine ina bei yake. Kwa hoja hizi wakili mwaminifu aweza kulala usingizi wake vizuri.

Warithi nao wana lao, na ni zito zaidi kuliko kelele wanazopiga kwa kawaida. Hawasemi kwamba kazi haikufanyika. Wanauliza, nani alimtuma? Mirathi ilipofungwa, mali ilikoma kuwa ya marehemu ikawa ya kila mrithi peke yake, na mamlaka ya msimamizi juu yake yakafika mwisho wake. Simu ile haikutoka kwa mirathi. Ilitoka kwa mtu mmoja. Na katika kanuni ya Kiingereza msimamizi anayemwajiri wakili hujifunga yeye mwenyewe, kisha hujirudishia gharama kutoka katika mali aliyonayo mkononi. Mali ikiisha kugawiwa, hana cha kujirudishia. Hapo baba mkubwa aliyekuwa akifanya wema kwa wana wa nduguye ajikuta ndiye mdaiwa, kwa deni la fedha ambazo wao ndio watakaozichukua benki. Mwanasheria atasema, na kwa haki, kwamba angeomba kwanza idhini ya warithi, au angerudi mahakamani jalada lifunguliwe kwa jambo hilo moja. Lakini yeye alidhani kwamba bado ni baba wa watoto wale. Kwa desturi aliyokulia, usimamizi hauna mwisho, na kwa sheria ulikwisha siku ile hakimu alipotia sahihi. Naye alisimama mguu mmoja huku na mwingine kule.

Hapa ndipo swali la lugha linapoingia. Sheria ile ya mwaka wa 1729 haikuishia kwenye sahihi na mwezi mmoja. Iliamuru kwamba hesabu ya wakili iandikwe kwa mwandiko wa kawaida unaosomeka, kwa lugha ya Kiingereza, na kwa maneno kamili yasiyofupishwa, isipokuwa istilahi za sheria, nyakati na kiasi cha fedha. Wakati huo kumbukumbu za mahakama za Uingereza ziliandikwa kwa Kilatini, na sheria ya kuziandika kwa Kiingereza ilianza kutumika mwaka wa 1733. Yaani Waingereza walitaka bili ya wakili isomeke na mteja hata kabla mahakama zenyewe hazijasema lugha ya mteja. Walijua kwamba deni lisilosomeka halipingiki. Kanuni ya sahihi ilivuka bahari, ya mwezi mmoja ikavuka, ya sehemu moja ya sita ikavuka. Ile ya lugha ya mteja ilivuka kwa herufi tu, maana kilichofika Tanganyika ni Kiingereza, si kile kilichokusudiwa nacho.

Matokeo yake katika mwambao wa Nyasa yalikuwa ngazi tatu za lugha katika jambo moja. Ukoo ulijadiliana kwa Kinyakyusa. Mahakama ya mwanzo iliandika kwa Kiswahili. Hesabu ya wakili, na upimaji wake huko juu, vilikuwa kwa Kiingereza. Mtu aliyetaka kupinga bili alihitaji kwanza kumlipa mtu wa kumfasiria bili. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Huku daftari lilikuwapo, habari ndiyo iliyokosekana.

Sheria iliyotungwa mwaka wa 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote nchini, Kiingereza kikibaki kwa hali maalumu. Mwaka huohuo mawakili waliruhusiwa kufika katika mahakama za mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi. Mambo haya mawili yakiwekwa pamoja, hesabu ya wakili yaweza sasa kukaa katika jalada moja na hesabu ya msimamizi, kwa lugha moja. Ni hatua kubwa. Lakini mwenye kuichunguza lugha hataridhika mapema, kwa sababu maneno ya Kiswahili yanayotumiwa katika hesabu hizo yana udhaifu wake. Yaangaliwe matatu yanayorudi mara kwa mara: ushauri, maandalizi, ufuatiliaji. Yote ni majina yaliyotokana na vitenzi, na katika kugeuzwa majina yamewapoteza watendaji wao. Kitenzi hudai mtu: nani alimshauri nani, juu ya jambo gani, siku gani? Jina halidai. Ufuatiliaji ni mbaya zaidi, kwani kufuatilia kwenyewe ni kitendo kisichoonyesha mwisho. Mtu hufuatilia jambo mpaka achoke. Kazi ya ziada nayo haielezi ni ziada ya nini. Hesabu iliyoandikwa kwa vitenzi, kwa mfano, "tarehe fulani, kwa agizo la fulani, niliiandikia benki barua juu ya jina la marehemu", hueleweka kwa msikilizaji yeyote wa Kajunjumele bila mfasiri, tena hujibu papo hapo swali la warithi la nani alimtuma. Sarufi hapa yafanya kazi ya ushahidi.

Na kuna lile neno kufunga lenyewe. Katika Kiswahili mlango uliofungwa hufunguliwa, na mzigo uliofungwa hufunguliwa. Funga na fungua ni jozi. Wasomi wa sheria walipolichagua neno hili walitaka maana ya kumaliza, lakini lugha iliwapa neno linaloahidi kurudi. Laiti lingechaguliwa kumaliza au kuhitimisha, pengine msimamizi angesita kabla ya kupiga ile simu.

Mpaka uliokatwa na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka wa 1890, na ambao leo hufuata mto Songwe, uliwaacha Wanyakyusa upande huu na ndugu zao Wangonde upande wa Karonga, watu wa lugha moja iliyogawanyika kidogo kwa matamshi. Koo zilizooana huvuka mto, na ng'ombe huvuka, na warithi pia. Kwa mrithi aliye Karonga sheria ya mwaka wa 2021 haina nguvu: mahakama za Malawi huandika kwa Kiingereza. Hesabu iliyotolewa Kyela kwa Kiswahili, ikipingwa na mrithi wa ng'ambo, yapelekwa Kasumulu, yavuka daraja, yafasiriwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wakili wa huko, kisha yaelezwa kwa Kingonde kwa mwenye mali. Mfasiri huyo naye hulipwa, na malipo yake huandikwa mwishoni mwa hesabu ileile, chini ya neno gharama nyinginezo.